Filta ya Laki Tatu na Nusu Haitakushushia Mafuta

Kijana mmoja wa Iringa amenitumia ujumbe: "Mkuu, nina Hilux ya petroli, injini ya 2.7, inanimaliza. Kuna filta ya hewa ya pamba nimeonyeshwa, ile ya kuosha na kurudishia, laki tatu na nusu. Muuzaji anasema ulaji utashuka kwa asilimia 15. Nichukue?"

Usichukue, mdogo wangu. Mwenye haraka anaweza kuishia hapa. Wengine kaeni, maana jambo hili lina historia na mimi, na kusema kweli bado linanikera.

Sisi tunaokula kwa pikapu tunajuana. Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wadhibiti wa nishati, wakishatangaza bei mpya za mafuta, kabla hujapiga mswaki ushapiga hesabu kama mwezi huu utapumua au utabanwa. Mtu aliye katika hali hiyo akionyeshwa kitu cha kupunguza mafuta hahoji sana. Anataka kiwe kweli. Wauzaji wanalijua hilo kuliko wanavyozijua injini.

Mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuna Hilux ya dizeli. Msimu ukifika tunabeba mahindi na alizeti kutoka mashamba ya Kiteto kushuka sokoni Kibaigwa. Anayeijua barabara ya Kibaya hadi Kongwa wakati wa kiangazi anajua ninachosema: lori la mbele hulioni, unaona wingu jekundu tu, na jioni ukijipangusa uso kitambaa kinageuka rangi. Basi shemeji akarudi kutoka Dar na boksi zuri linalong'aa. Ndani kuna filta ya pamba iliyoloweshwa mafuta, imebanwa kati ya nyavu mbili za waya. "Shem, hii inapumua," akaniambia. "Ile ya karatasi inaikaba injini."

Nikasema tupime kwanza. Akacheka, na vijana wa kijiweni nao wakacheka. Shemeji ni mkubwa kwangu, sikubishana naye mbele za watu. Filta ikafungwa siku hiyohiyo. Lakini daftari nilikuwa nalo, tena nilikuwa nimeanza kuandika zamani, karatasi ikiwa bado mle ndani.

Namna ya kupima ndiyo watu wengi wanaikosea. Mtu anajaza ya elfu hamsini, anatazama mshale, anasema "naona imeshuka". Hujapima hapo. Dizeli ina povu: pampu ikikata, tangi halijajaa, subiri povu litulie kisha ongeza taratibu mpaka uyaone mafuta shingoni. Kituo kilekile, pampu ileile, gari limesimama palepale. Andika kilomita. Ukirudi jaza vilevile, gawanya kilomita kwa lita. Safari ya mzigo iwe na ukurasa wake na ya kurudi tupu iwe na wake, ukizichanganya umeharibu kila kitu. Tena dereva awe mmoja.

Hilo la dereva ndilo lililozua maneno nyumbani. Kwa karatasi gari lilikuwa linakwenda kati ya kilomita 9 na 10 kwa lita likiwa tupu. Kwa pamba, kati ya 9 na 10. Tofauti pekee iliyoonekana wazi kwenye daftari ilikuwa kati ya siku nilizoendesha mimi na siku alizoendesha shemeji. Nilipomwonyesha alinyamaza, akanirudishia daftari, akaondoka zake. Kijiweni wakanipa jina, "Injinia wa Daftari". Wapo wanaoniita hivyo hadi leo, nami siku hizi naitika.

Sasa sikilizeni kwa nini, maana hili halihitaji chuo. Kwenye gari la petroli la kisasa, kompyuta hupima hewa inayoingia kisha hutoa petroli inayolingana nayo, kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Filta ikiziba, hewa inapungua na petroli inapungua nayo. Gari linakuwa zito, unakanyaga zaidi, basi. Halafu kumbuka kwamba injini ya petroli ina kilango chake cha kubana hewa, hicho unachokifungua kwa mguu, na ukiwa kwenye mwendo wa kawaida kimebana kuliko filta yoyote. Ukiweka filta iliyo wazi zaidi, kilango kinafungwa kidogo zaidi ili mwendo ubaki uleule. Umenunua nini hapo? Dizeli ndiyo kabisa: kwa kawaida inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji, na nguvu inaongozwa kwa kiasi cha mafuta. Mpaka filta izibe vibaya hadi moshi mweusi utoke ndipo uanze kuilaumu.

Maabara ya Taifa ya Oak Ridge huko Tennessee, Marekani, ilifanya jaribio hili na ikatoa ripoti mwaka 2009. Walichukua magari ya kisasa, wakaziziba filta kwa makusudi, wakapima. Kwenye magari ya petroli yenye kompyuta ulaji haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni wepesi wa kuondoka, kama asilimia 6 hadi 11. Gari la zamani la kabureta, lile linalochanganya hewa na petroli bila kompyuta, ndilo lililoonyesha hasara ya mafuta, nalo ni kwa asilimia chache. Kwa hiyo mafundi wetu wazee waliosema filta chafu inakula mafuta hawakutudanganya, walijifunzia kwenye kabureta. Ila tumia akili: kama filta iliyozibwa haipandishi ulaji, filta iliyo wazi kuliko mpya itashusha nini?

Kilichoniudhi zaidi si hela. Siku moja nilifungua mpira unaotoka kwenye boksi la filta kwenda kwenye turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, nikapitisha kidole ndani. Kikatoka na vumbi laini jekundu, linakwaruza ukilisugua kati ya vidole. Upande ule, baada ya filta! Vumbi lile lina chembe za mchanga, nazo zinasaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Kinachopitisha hewa kwa urahisi mara nyingi hupitisha na vumbi laini, na sisi hatuendeshi kwenye lami ya California. Karatasi ikarudi siku hiyo. Shemeji hakusema neno. Kwa gari lako la petroli kuna jingine: ukiosha filta ya pamba na kuizidishia mafuta, yanaweza kufika kwenye sensa ya hewa, ukaanza kufukuzana na taa ya injini.

Watu wanataka njia ya mkato. Wamekataa kupunguza mwendo, matairi yana upepo nusu, kwenye bodi kuna jeki mbili, minyororo na spea za mwaka juzi, halafu wanatafuta muujiza kwenye boksi. Kilo 45 za mzigo usio na kazi zinakula karibu asilimia 1 ya mafuta. Upepo wa matairi ukipungua PSI 1, kama asilimia 0.2, na wengine tunatembea na pungufu ya 10. Kutoka 80 hadi 110 kwa saa ukinzani wa hewa unakaribia kuwa mara mbili, na pikapu ina umbo la kabati. Punguzeni mguu. Jazeni upepo. Pimeni, andikeni. Narudia: andikeni.

Na filta ya karatasi ya kiwandani isidharauliwe. Hakikisha mpira wa ukingoni umekaa sawasawa. Ukiipuliza kwa kompresa, puliza kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo. Usiipigepige kwenye tairi. Ikichoka, tupa. Kwa laki tatu na nusu utanunua za kutosha muda mrefu.

Kijana wa Iringa, kama muuzaji bado anakusumbua, mwambie aandike kwenye risiti kwamba ulaji utashuka kwa asilimia 15, la sivyo anarudisha hela, kisha asaini na kugonga mhuri. Akikubali, nipigie, nitakuja na daftari.