Kabla hamjafunga soko, ombeni jedwali la sheria ndogo na mfungue daftari

Mkuu, umesema sokoni kwenu huko Iringa limebandikwa tangazo kwamba kuanzia Januari ushuru wa meza unatoka shilingi 500 kwenda 1,000 kwa siku. Wenzako wanataka kufunga soko wiki nzima, na wewe unauliza kama kuna njia nyingine ya kusikilizwa. Ipo, na mimi nimeipita. Nauza viazi na kabichi kwenye soko dogo kando ya barabara kuu mkoani Mbeya, huu mwaka wa 14. Tangazo kama lenu lilitufikia na sisi, kiwango kilekile. Soko na halmashauri sitavitaja, kwa sababu hao tuliobishana nao ndio tunaoendelea kufanya nao kazi.

Nianze na mgomo, maana ndio mnaoufikiria. Sisi tuligoma siku mbili. Siku ya kwanza tulikuwa na moyo, tumekaa kwenye magunia, tunaimba. Siku ya pili jioni majani ya nje ya kabichi yalikuwa yameshageuka njano, Fuso zilizokuwa zinapakia kwetu zilikuwa zimenyoosha hadi Uyole, na mama mmoja wa nyanya alikuwa nyuma ya soko anamwaga matenga mawili ya nyanya zilizoiva kupita kiasi. Alikuwa amekopa kuzinunua. Nilimsaidia kumwaga na sikuwa na neno la kumwambia. Halmashauri ilikosa ushuru wa siku mbili, sisi tulikosa mtaji, na baadhi ya wale wa Fuso hatukuwaona tena hadi msimu uliofuata. Mwenye duka la mabati anaweza kufunga wiki akafungua akakuta mabati yake yalivyo. Sisi wa mboga hatuwezi.

Baada ya hapo ndipo fundi simu mmoja, kijana mdogo tu, akauliza kikaoni: hiyo elfu moja imeandikwa wapi? Tulinyamaza wote. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Sikiliza vizuri hapa. Halmashauri haitozi ushuru kwa kubandika karatasi. Inatoza kwa sheria ndogo, na sheria ndogo ina njia yake: wananchi hutangaziwa kusudio ili watoe maoni au pingamizi, madiwani huipitisha kwenye baraza lao, waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiridhia, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Mwishoni mwake kuna jedwali, upande mmoja aina ya ushuru, upande wa pili kiwango. Hilo jedwali ndilo mnalolitafuta.

Kulipata kwetu kulichukua muda. Mtendaji wa kata hakuwa na nakala. Makao makuu ya halmashauri tuliambiwa "njooni wiki ijayo" mara mbili. Mara ya tatu tulikwenda na barua inayotaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Tulipata nakala kabla ya hizo siku kuisha. Tuliisomea sokoni, chini ya turubai, mvua inanyesha, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wamesogeza ndoo wakakaa. Meza: shilingi 500 kwa siku. Elfu moja haimo. Tangazo lilikuwa na saini na muhuri, ila sheria nyuma yake hakuna.

Wenzetu kadhaa walitaka tuishie hapo, tuwaambie wakusanyaji hatulipi zaidi, basi. Mimi nilipinga na bado naona nilikuwa sahihi. Jedwali hurekebishwa. Mkishinda kwa karatasi peke yake, mwakani watakuja na karatasi iliyokamilika na hamtakuwa na la kusema. Ilitupasa tuzungumzie pesa yenyewe, inatoka kiasi gani na inarudi kufanya nini.

Tukanunua kaunta buku ya kwaya 3, yaani daftari kubwa nene. Kila jioni mama mmoja wa ndizi, mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi wote, alipita kila meza akaandika: nani amelipa, kiasi gani, namba ya risiti. Jambo moja dogo lakini litawaumiza msipolijua: risiti za posi, ile mashine ya mkononi ya wakusanyaji ushuru, zinafutika. Ukiiweka mfukoni, jasho na jua vikiipata, baada ya wiki chache ni karatasi nyeupe. Mtu anakuja kwenye kikao na bahasha imejaa ushahidi, anaifungua, hamna maandishi. Kwa hiyo andikeni siku hiyohiyo, na zile muhimu zitoeni kopi.

Tuliandika miezi mitatu. Meza 84, shilingi 500, siku 26 za soko kwa mwezi, inakuja 1,092,000. Kwa mwaka ni zaidi ya milioni 13. Hakuna kati yetu aliyekuwa anajua kama soko letu lile la matope linatoa milioni 13. Watu walianza kukaa wima.

Halafu yule mama wa ndizi akasema kitu ambacho sisi wanaume hatukuwa tumekiona. Choo cha soko kilikuwa cha kulipia, shilingi 200 kila ukiingia. Mwanamke anayefika saa kumi na moja alfajiri na kuondoka magharibi anaingia mara tatu. Hiyo ni 600, imepita ushuru wa meza. Wengine walikuwa hawanywi maji mchana kutwa ili wasiende. Alisema haya mbele yetu bila kuona haya, na tangu siku hiyo choo kikawa ombi letu la kwanza, kabla ya ushuru wenyewe.

Hesabu hizo tulizipeleka kwanza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti. Msiruke hatua hii kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa wilaya. Diwani akisikia habari zenu kutoka juu anakuwa adui, akizisikia kwenu anakuwa na cha kusimamia. Wetu mwanzoni alikuwa mkali. Alipoona kaunta buku aliifungua ukurasa baada ya ukurasa, akauliza aliyeandika ni nani, akaomba kopi. Yeye ndiye aliyeibeba hoja hadi kwenye kamati ya fedha. Kwenye baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza, ila hazungumzi, kwa hiyo anayezungumza kwa niaba yenu lazima awe ameshiba hoja kabla. Tulikwenda watu 12, tukakaa nyuma kimya. Ukimya ule ulisaidia. Diwani anazungumza vingine akijua waliomtuma wanamwona.

Kuna pia baraza la biashara la wilaya. Mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, na wajumbe wanatoka serikalini na sekta binafsi. Pale mnaruhusiwa kusema. Ila sehemu nyingi wanaoitwa ni wenye viwanda, mashine za kukoboa na vituo vya mafuta, wauza mboga hawakumbukwi. Nendeni kwa afisa biashara na kwa TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, ya mkoa wenu mkaulize mwakilishi wa wafanyabiashara wadogo ni nani. Kama hayupo, mna barua ya kuandika.

Matokeo? Ile elfu moja haikutozwa mwaka ule. Mwaka uliofuata kusudio lilitangazwa inavyotakiwa, tukatoa maoni kwa maandishi, na kiwango kikapanda hadi 700. Wapo waliosema tumeshindwa. Mimi sikubali. Choo kikawa bure kwa mwenye meza aliyelipia siku hiyo, bomba moja la maji likaja, na taa mbili zikawekwa upande wa kupakulia mizigo, ambako alfajiri ya baridi ya Juni ulikuwa hauoni hata mkono wako. Paa la upande wa mashariki bado. Barua yetu ya paa ina muhuri wa kupokelewa, na tunaifuatilia kila robo mwaka baraza linapokaa.

Huo muhuri ni wa lazima. Kila barua mnayopeleka, nendeni na nakala mbili, igongwe muhuri na tarehe, moja mrudi nayo. Barua isiyo na muhuri siku ya kuulizwa huwa "haikufika".

Wakati ndio wenu kama mtawahi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la bajeti linaanza Aprili, kwa hiyo makadirio ya halmashauri yanapikwa mwishoni mwa mwaka huu na mwanzoni mwa ujao. Ukipeleka hoja ya choo mwezi Mei, hata mwenye moyo mzuri atakujibu kwamba fungu limeshafungwa.

Na jambo la mikopo, kwa sababu litakuja. Katikati ya mvutano wetu, viongozi wawili wa soko walidokezwa kwamba kikundi chao kingefikiriwa haraka kama mambo "yangetulia". Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo kisheria: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kilichotimiza masharti kinaomba bila kuuza kauli yake. Kubalianeni hilo mapema, mkiwa wote, kabla mtu hajaitwa pembeni. Na kofia za vyama ziacheni nyumbani. Kwetu mtu mmoja alivaa siku moja tu, ikatuchukua mwezi kuwarudisha wengine kikaoni.

Kesho nenda kwa mtendaji, kisha kwa mwanasheria wa halmashauri, na barua mkononi. Ukipata nakala, piga picha ukurasa wa jedwali uweke hapa. Nitausoma usiku nikishafunga, na wapo humu wa Njombe na Songwe waliowahi kupita njia hii, watausoma pia.