Namba za marejeleo ya mtafiti wa Alzheimer zisomwe vipi?

Swali: Assalaam alaykum, Mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili hapa Tunguu, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa kitaaluma wa mwanasayansi wa ubongo anayetafiti maradhi ya Alzheimer. Ukurasa wake unaonyesha kwamba amerejelewa zaidi ya mara 40,000 na kwamba kipimo chake cha h ni 92. Mwengine ana 30 tu. Nikiandika kwamba mchango wa yule wa kwanza ni mara tatu ya huyu wa pili, nitakuwa nimekosea?

Jibu: Wa alaykum salaam. Utakuwa umekosea, na sababu imo katika namna kipimo chenyewe kinavyopatikana. Kilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Makala za mtafiti hupangwa kuanzia iliyorejelewa zaidi, kisha hutafutwa namba kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imerejelewa angalau mara hizo hizo. Chukua mtafiti mwenye makala tano zilizorejelewa mara 900, 40, 6, 4 na 1. Kipimo chake ni 4, na kingebaki 4 hata kama ile ya kwanza ingerejelewa mara nne tu. Kwa hivyo mwenye 30 anaweza kuwa ndiye aliyeandika makala iliyobadilisha fani nzima, na namba isimwonyeshe. Isitoshe, kipimo hiki hupanda kwa umri wa kazi, na mkuu wa maabara kubwa, ambaye jina lake huwekwa mwisho katika takriban kila makala ya vijana wake, hukipandisha haraka zaidi.

La pili ni aina ya makala, na hapa ndipo ningependa wasifu wako ukae kwa muda mrefu. Mwaka 1975 Folstein na wenzake walichapisha mtihani mfupi wa kumbukumbu na fahamu wenye alama 30, na kwa kuwa kila anayeutumia kupima wagonjwa hulazimika kuutaja, makala hiyo imerejelewa kwa wingi usio wa kawaida. Makala ya Hardy na Higgins ya mwaka 1992, iliyoeleza kwamba mrundikano wa protini ya amiloidi ndio chanzo cha maradhi, ina kurasa chache tu, lakini hurejelewa na wanaoikubali na wanaoipinga kwa pamoja. Mashine inayohesabu haiwatofautishi.

Wala kurejelewa sana si ushahidi wa usahihi. Mwaka 2006 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliodai kwamba aina moja ya amiloidi ilidhoofisha kumbukumbu za panya. Ulirejelewa zaidi ya mara elfu mbili kabla ya kuondolewa rasmi mwaka 2024, baada ya kubainika kwamba baadhi ya picha zake zilichezewa. Marejeleo yale hayakufutika, kwa hiyo tazama kama katika orodha ya mtu wako imo makala iliyoondolewa.

Hakikisha pia kwamba makala zote ni zake. Sisi tunalijua tatizo hili vizuri, kwa sababu kanzidata hulichukua jina la mwisho kuwa la ukoo, ilhali kwetu ni la babu: Khamis Juma Ali huorodheshwa chini ya Ali, akachanganywa na kina Ali wengine, au kazi zake zikagawanywa kwa watu wawili. Namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha kimataifa cha mtafiti chenye tarakimu 16, huondoa sehemu kubwa ya utata huu, iwapo mtafiti mwenyewe ameisajili na kuitunza.

Katika kuandika, usichanganye vyanzo. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na maandiko ambayo hayajapitiwa na wahakiki, kwa hiyo namba zake huwa juu kuliko za kanzidata za Scopus au Web of Science. Ukilinganisha watu wawili, wachukue wote kutoka chanzo kimoja, na wawe wameanza kazi miaka inayokaribiana. Kisha chagua makala tatu ambazo yeye ni mwandishi wa kwanza au wa mwisho, usome baadhi ya waliozirejelea, ueleze walizitumia kwa kazi gani. Kamati nyingi za kupandisha vyeo bado hutazama namba peke yake, lakini wewe unaandika wasifu, na uzito wa mchango wa mtafiti umo katika matumizi hayo. Andika na tarehe uliyozichukua namba zako, maana hubadilika kila wiki.