Jeli yako ya PNIPAM imetoka nyeupe? Tafuta barafu

Msomaji mmoja anayesomea uzamili hapa Nairobi ametuandikia: jeli yake ya PNIPAM, polima inayosinyaa ikipata joto, imeganda nyeupe kama ugali, na hata ikikaa kwenye friji haing'ai. Anashuku aliuziwa kemikali mbovu. Kabla ya kugombana na muuzaji, pima joto.

Polima hii hupenda maji ikiwa baridi na huyakataa ikipita takriban nyuzi 32 za Selsiasi. Wanakemia Heskins na Guillet waliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1968. Tatizo ni kwamba monoma, yaani molekuli ndogo zinazojenga polima, zikiungana hutoa joto. Mchana wa Februari, maabara ikiwa nyuzi 27, chupa huvuka 32 jeli ikiwa bado inajijenga. Minyororo hujikunja, hukusanyika mafungumafungu na kufungwa hivyo hivyo. Ukiipoza baadaye umechelewa. (Wapo wanaoitengeneza nyeupe makusudi, kwa sababu matundu yake huifanya isinyae haraka. Lakini anayetaka kupitisha mwanga anahitaji jeli angavu.)

Vaa glavu, monoma hizi ni sumu. Yeyusha gramu 1 ya NIPAM (monoma ya PNIPAM) na miligramu 20 za bisakrilamidi, inayofunga minyororo pamoja, katika mililita 10 za maji yaliyotoneshwa. Pitisha naitrojeni dakika 20. Tumbukiza chupa kwenye maji ya barafu, kisha tia miligramu 10 za amoniamu pasulfeti, inayoanzisha mmenyuko, iliyoyeyushwa siku hiyo hiyo, na maikrolita 20 za TEMED, inayouharakisha. Funika, acha usiku kucha. Kesho yake ikiwa bado maji, mshuku oksijeni, maana huzima mmenyuko, au pasulfeti iliyokwisha kunyonya unyevu. Kuongeza TEMED ovyo si dawa.

Ioshe siku 3, ukibadilisha maji asubuhi na jioni. Maji ya kisima usiyaguse: chumvi hushusha kiwango cha kusinyaa, nawe utaandika namba ya chini ukidhani umegundua jambo.

Ukitaka jeli isinyae kwa mwanga, hakikisha kwanza inasinyaa kwa joto; hapa wengi wana pupa. Njia rahisi ni wino mweusi wa kaboni, matone mawili kabla ya kuanzisha mmenyuko. Ukizidisha, kaboni nayo huzuia kuganda. Wino hugeuza mwanga kuwa joto, kwa hiyo weka jeli kwenye maji ya nyuzi 29 ili taa isisukume mbali. Kando yake weka jeli isiyo na wino. Zote mbili zikisinyaa, taa yako inapasha beseni tu.

Azobenzini, molekuli inayobadili umbo kwa mwanga, ni habari nyingine: hupinda kwa mwanga wa nanomita 365 na kunyooka kwa mwanga wa buluu au kwa joto. Ifunge kwa foili tangu inapopimwa, kwani jua la dirishani huanza kazi kabla ya taa yako.