Kabla hujambandikia Dickens makala, uliza nani alilipwa

Kosa langu kubwa katika kazi hii ya kutafuta nani aliandika makala zisizo na jina lina tarehe kabisa: 22 Aprili 1854. Siku hiyo Household Words, jarida lililokuwa likitoka London kila wiki kwa peni mbili, lilichapa makala iitwayo "Ground in the Mill", kuhusu wafanyakazi wanaokatwa viungo na mashine za viwandani. Jina la mwandishi hakuna. Ndiyo ilikuwa desturi ya jarida lile: makala ziliachwa bila majina, na juu ya kurasa msomaji aliambiwa tu kwamba jarida linaendeshwa na Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa riwaya. Douglas Jerrold, mcheshi wa zama zile, alitania kwamba hapa hakuna cha kuficha majina, kuna jina moja limekula mengine yote.

Nilikuwa naandika tasnifu ya shahada ya pili. Nilikuwa nimelala nikiisoma makala ile, nikajikuta nimekaa wima. Kuna binti anacheza juu ya magunia ya sufu, karibu na mashine isiyozungushiwa kinga. Mashine inadaka vazi lake, inamnyanyua, inamng'oa mkono wa kushoto begani. Na mwandishi hapigi kelele. Ameanza na mstari wa shairi, watoto wakisema ni vizuri kufa kabla ya wakati wao, kisha anakwenda akilipima kila tukio kwa neno hilohilo: je, na hili ni vizuri? Hapana, hili si vizuri. Anarudia kwa upole wa mtu ambaye hasira imemzidi hadi sauti imeshuka. Nikasema, huyu ni Dickens, nani mwingine? Tena riwaya yake ya Hard Times, inayohusu mji wa viwanda, ilikuwa imeanza kutoka humohumo wiki tatu nyuma. Nikaandika kurasa 11 kuthibitisha.

Msimamizi wangu alizirudisha zikiwa safi, hakuna wino mwekundu hata tone, ila pembeni ya ukurasa wa kwanza aliandika kwa penseli maneno mawili: nani alilipwa?

Nilidhani ananikejeli. Kumbe ananionyesha njia. Msaidizi wa Dickens pale ofisini, W. H. Wills, alikuwa na daftari. Kila toleo lilipotoka aliandika kichwa cha makala, jina la aliyeiandika, urefu wake kwa safu, na kiasi alicholipwa. Kiwango cha kawaida kilikuwa gini moja, yaani shilingi 21, kwa ukurasa. Daftari hilo halikupotea. Liko Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na mwaka 1973 Anne Lohrli alichapa yaliyomo yote pamoja na maelezo ya kila mwandishi. Nikafungua tarehe 22 Aprili 1854. Henry Morley.

Morley! Mtu aliyesomea utabibu, akafungua shule, kisha akawa mwandishi wa kudumu wa jarida lile na mmoja wa walioandika mengi kuliko wote. Kurasa zangu 11 zikaenda na maji.

Ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetaka kutafuta makala zisizo na jina za waandishi wa riwaya wa enzi za Malkia Victoria ndio huo, na kama una haraka unaweza kuishia hapa: anza na fedha. Usianze na masikio yako. Mwandishi anaweza kuficha jina kwa wasomaji lakini kwa mhasibu hafichi, maana akificha halipwi. Tafuta madaftari ya ofisi, stakabadhi, barua za kudai malipo. Daftari la malipo halina ushabiki wa fasihi, halijui kwamba miaka 100 mbele Dickens atakuwa Dickens.

Kwa nini nilikosea? Kwa sababu pale ofisini wengi waliandika kama bosi. Vijana walimwiga kwa makusudi, na yeye mwenyewe alipitia kazi zao na kuzichomekea sentensi zake. Kwenye daftari la Wills zipo makala zilizoandikwa majina mawili, la kwake na la mwenzake. Hata mtu aliyeijua ofisi ile kwa ndani aliitupia lawama kwenye jina lile moja: Harriet Martineau, ambaye naye aliliandikia jarida hilo, alipochukizwa na makala za jarida hilo kuhusu ajali za viwandani alitoa kijitabu mwaka 1855, na aliyemrushia mawe ni Dickens.

Jambo hili la kuchanganyikiwa na mtindo nilikuja kulielewa vizuri nyumbani, si maktaba. Kabla ya masomo nilikuwa korespondenti wa gazeti moja Dar es Salaam, nalipwa kwa habari. Baadaye mhariri akaanza kunipa tahariri niandike, na tahariri, kama mjuavyo, haina jina. Mama alizikata zote, akaziweka kwenye boksi la viatu pamoja na vocha zangu za malipo. Nilipolifungua miaka mingi baadaye nikaanza kutenga zangu na za wenzangu. Kulikuwa na moja kuhusu shida ya maji, ina mzaha wa ndoo zinazopanga foleni tangu alfajiri huku wenyewe wamelala. Niliapa ni yangu. Mzaha huo naujua! Nikatafuta vocha, hakuna. Nikaangalia tarehe: wiki ile nilikuwa Muheza msibani, hata kalamu sikushika. Iliandikwa na mwenzangu niliyekuwa nakaa naye meza moja, na mzaha wa ndoo pengine ulikuwa wake tangu mwanzo, mimi ndiye niliyeuiba. Sasa kama mtu anashindwa kuijua sentensi yake mwenyewe, atamwapia vipi marehemu wa karne ya 19?

Msiba wa Muheza ulinifundisha na jambo jingine: uliza mtu wako alikuwa wapi wiki hiyo. Alikuwa safarini? Mgonjwa? Amegombana na mhariri? Waandishi hawa wameacha barua kwa maelfu, na kwa wakubwa kama Dickens unaweza kujua karibu kila siku alilala wapi. Makala inayoeleza kwa undani mkutano wa Manchester, wakati mtu wako barua zake zote za wiki hiyo zimetoka Ufaransa, ina maswali ya kujibu.

Kuna wakati sikio hupatia, siwezi kukataa. Mwaka 1846 kilitoka London kitabu kikubwa cha Mjerumani David Strauss kuhusu maisha ya Yesu, kwa Kiingereza, bila jina la mfasiri. Mwaka 1849 gazeti dogo la mkoani, Coventry Herald, likachapa uhakiki wa riwaya ya James Anthony Froude, nao bila jina. Froude alipousoma aliandika barua kwa mfasiri wa Strauss akimwomba ajitambulishe, kwa kuwa ameutambua mkono wake katika uhakiki ule. Alikuwa sahihi. Mfasiri na mhakiki walikuwa mtu mmoja, binti wa Coventry aitwaye Mary Ann Evans, ambaye dunia ingemjua baadaye kama George Eliot.

Inasisimua, ila itazame kwa karibu. Kitabu cha Strauss na riwaya ya Froude vilitoka kwa mchapishaji mmoja, John Chapman, na barua ilipitia kwa huyohuyo Chapman. Coventry Herald lilikuwa mali ya Charles Bray, rafiki mkubwa wa Evans. Sikio la Froude halikuwa likichagua kati ya Waingereza wote, lilikuwa na watu wachache tu wa kuwashuku. Ukitaka sikio lako likusaidie, lipunguzie kazi hivyo: kwanza jua nani alikuwa na mlango wa kuingilia kwenye gazeti lile, nani ni rafiki wa mwenye gazeti, nani anadaiwa, halafu ndipo usikilize.

Dickens mwenyewe alikuwa na sikio la namna hiyo. Tarehe 18 Januari 1858 alimwandikia huyohuyo George Eliot, ambaye wengi walimdhania mwanamume, pengine mchungaji, akamwambia kwamba hadithi zake za Scenes of Clerical Life zina mguso wa kike kabisa. Lakini wakati huohuo, mkoani Warwickshire, watu walikuwa wakiapa kwamba mwandishi ni jirani yao aitwaye Joseph Liggins. Liggins hakuandika hata ukurasa mmoja. Hilo halikuwazuia watu kumtetea hadharani kupitia The Times mwaka 1859, hadi Evans akalazimika kujitokeza. Nawaonya wanafunzi: ukikuta katika kumbukumbu za mtu mzee kwamba "sisi sote pale mjini tulijua ni fulani", mkumbuke Liggins.

Kinachonisumbua kuliko yote ni mkono wa mhariri. Huu ndio unaoharibu hesabu za watu makini. Desemba 1851 Elizabeth Gaskell alipeleka Household Words kisa cha kwanza cha Cranford. Ndani yake kuna Kapteni Brown, mpenzi wa Pickwick, kitabu cha Dickens, na anakufa kwa kugongwa na treni akiwa ametoka kukisoma. Dickens akaona haya kusifiwa ndani ya jarida lake, akafuta Pickwick na kuweka vitabu vya mshairi Thomas Hood. Gaskell akaandika haraka kuzuia kisa kisitoke. Dickens akamjibu kwamba amechelewa, toleo limeshapangwa na liko kwa mpigachapa. Cranford ilipotoka kama kitabu mwaka 1853, Pickwick akarudi mahali pake.

Sasa chukulia hatungekuwa na barua zile, hatuna kitabu, tuna jarida tu. Mtafiti hodari angesema: mwandishi huyu anampenda Hood, tumtafute miongoni mwa marafiki wa Hood. Angepotea kwa hoja nzuri kabisa. Kwa hiyo usijenge nyumba juu ya jina moja, nukuu moja au mzaha mmoja. Na kila inapowezekana, tafuta kama mwandishi aliichapa tena makala ile katika kitabu chake baadaye. Dickens alifanya hivyo na baadhi ya makala zake mwaka 1858. Hapo huhitaji kubahatisha, na ukilinganisha matoleo mawili unaona kilichobadilika.

Kompyuta je? Naulizwa kila mara. Njia maarufu ni ya John Burrows, ya mwaka 2002: unahesabu yale maneno madogo ambayo mwandishi hayafikirii, kwa Kiswahili ingekuwa "na", "ya", "kwa", "lakini", halafu unapima ni mwandishi gani unayemjua anayeyatumia kwa uwiano ulio karibu zaidi. Inafanya kazi, hasa kwa maandishi marefu. Makala ya gazeti ni fupi, mhariri kaigusa, na mashine inaweza tu kuchagua kati ya watu uliowapeleka. Ukiipelekea Dickens, Gaskell na Thackeray, itakuchagulia mmoja wa hao watatu hata kama aliyeandika ni Morley. Linganisha makala na makala, usilinganishe makala na riwaya. Mimi huiita shahidi wa mwisho, baada ya fedha, barua na kalenda kuwa zimeshasema.

Na hizo barua na madaftari hayapo kila mahali. Jarida lililorithi Household Words, yaani All the Year Round la mwaka 1859, daftari lake halijapatikana. Kwa muda mrefu watu walibahatisha, hadi mwaka 2015 Jeremy Parrott, muuza vitabu vya kale, alipotangaza kwamba seti ya juzuu 20 aliyoinunua ina majina ya waandishi yaliyoandikwa kwa penseli pembeni mwa makala. Ndiyo maana sitaki kuona mtu anafuta mistari ya penseli kwenye kitabu cha zamani.

Jinsi ya kuandika matokeo yako: kila makala ipe mstari wake, na mbele ya jina andika ushahidi wenyewe, si maoni. "Daftari la ofisi." "Barua ya tarehe fulani." "Mtindo tu." Hizo za mtindo tu usizichanganye na nyingine hata kama unazipenda, na utazipenda. Tamaa ya kumwongezea mtu mkubwa kazi mpya ni kali mno. Watunzi wetu wa tenzi walitusaidia sana kwa kuacha majina yao kwenye beti za mwisho. Wahariri wa London hawakuwa na huruma hiyo.

Ukitaka kujaribu bila gharama, matoleo yote ya Household Words yako bure mtandaoni, katika hifadhi iitwayo Dickens Journals Online, na maandishi yake yalisahihishwa na watu wa kujitolea. Fungua toleo la 22 Aprili 1854, ukurasa wa 224, uisome makala ile mpaka mwisho huku ukijisahaulisha jina nililokutajia hapa. Kisha niandikie hapo chini kama wewe usingeapa ni Dickens.