Kabla ya Mei: Kumwandaa Mwanafunzi wa Kidato cha Sita kwa Mlango wa Chuo Kikuu

Korosho zinapoanza kupelekwa ghalani mwezi Oktoba na fedha za mnada zinapoanza kuingia majumbani, wazazi wa Mtwara, Masasi, Newala na Tandahimba hunijia na swali lilelile: mwalimu, nimpeleke mtoto tuisheni ipi ili mwakani apate chuo? Nimefundisha masomo ya ziada kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hapa Mtwara Mjini kwa miaka mingi, na jibu langu halijabadilika. Kabla hujauliza ada, omba uonyeshwe daftari la mwanafunzi anayesoma pale, ulifungue, na utazame kama limesahihishwa.

Daftari lililojaa maelezo yaliyonakiliwa ubaoni, bila alama hata moja ya kalamu ya mwalimu, linakueleza kwamba mtoto wako atalipishwa fedha ili arudie kile alichokwisha kukifanya shuleni asubuhi. Mtoto huyo ameshasikiliza mihadhara ya kutosha. Anachokosa, hasa katika madarasa yenye wanafunzi wengi na walimu wachache wa sayansi na hisabati, ni mtu wa kusoma alichoandika yeye mwenyewe, akamwonyesha ni wapi amepoteza alama na kwa nini, kisha akamtaka aandike upya. Kwa uzoefu wangu, hiyo ndiyo kazi pekee ya masomo ya ziada inayostahili kulipiwa.

Nchini kwetu, anayetoka kidato cha sita hafanyi mtihani mwingine wa kuingia chuo kikuu. Mtihani wa taifa wa mwezi Mei, unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ndio mlango wenyewe. Kigezo cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa shahada nyingi ni ufaulu mkuu (A hadi E) katika masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hapo ndipo wazazi wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa katika kutafuta divisheni hesabu huenda kinyume: A ni pointi 1, B ni 2, na kuendelea hadi E ambayo ni 5, S ya ufaulu mdogo 6 na F ambayo ni 7, hivyo mwenye pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi.

Mkanganyiko huo una madhara ya kweli. Chukua mfano wa mwanafunzi wa tahasusi ya HGK (Historia, Jiografia na Kiswahili) aliyepata B ya Kiswahili, E ya Historia na S ya Jiografia. Kwa hesabu ya divisheni ana pointi 13, yaani daraja la tatu, na nyumbani watachinja kuku. Kwa hesabu ya TCU ana pointi 5 kutokana na Kiswahili na Historia, kwa hiyo kozi kadhaa ziko wazi kwake. Lakini kozi yoyote inayodai ufaulu mkuu wa Jiografia imefungwa, kwa sababu S haihesabiwi kuwa ufaulu mkuu. S huishia alama 39 na E huanzia 40. Alama moja tu inaweza kuamua mtoto asome nini maishani, nami humweleza mwanafunzi jambo hili siku ya kwanza, ili ajue kwamba somo analolichukia na kulikimbia ndilo linalomdai muda zaidi, kuliko lile analolipenda ambalo tayari analifaulu.

Kwa hiyo maandalizi huanza kidato cha tano kwa mwanafunzi kujua anataka kusoma nini na kozi hiyo inadai masomo yapi. Mwongozo wa udahili hutolewa na TCU kila mwaka, unapatikana bure mtandaoni, na unaeleza masharti ya kila kozi katika kila chuo. Nimekutana na wanafunzi waliokuwa wakitaka uhandisi huku wameipa Hisabati ya Juu saa moja kwa wiki, kwa sababu tu hawakuwa wamewahi kuyasoma masharti hayo.

Sasa niingie katika kazi yenyewe, nikianza na insha, kwa sababu ndipo alama nyingi hupotea bila mwanafunzi kufahamu. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu wa Historia swali lililowataka waeleze kwa nini Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 vilishindwa. Binti mmoja anayetoka upande wa Kilwa aliandika kurasa tatu zilizojaa: aliitaja Nandete na vilima vya Matumbi, akamweleza Kinjekitile na ile dawa ya maji, akasimulia jinsi vita vilivyosambaa hadi Songea, na aliandika kwa hamasa ya mtu aliyeyasikia mambo hayo kutoka kwa wazee wake. Nilimpa alama 6 kati ya 20, naye akaumia sana. Nilimwomba achukue rula na penseli, apige mstari chini ya kila sentensi inayosema kwa nini vita vilishindwa, aziache zile zinazosimulia tu jinsi vilivyokwenda. Alipomaliza, katika kurasa zote tatu kulikuwa na mistari michache katika aya ya mwisho.

Hakuhitaji kufundishwa Majimaji upya, kwa kuwa maarifa alikuwa nayo. Alihitaji kujifunza kwamba kila aya inabeba hoja moja inayojibu swali, kisha maelezo ya hoja hiyo, kisha ushahidi. Tukachukua hoja ya tofauti ya silaha: akaieleza kwa sentensi mbili, akaweka ushahidi wa shambulio la boma la Mahenge mwaka 1905, ambapo wapiganaji wengi waliuawa kwa bunduki za rashasha, kisha akafunga aya na kuendelea na hoja ya makabila ambayo hayakujiunga na vita, na baada yake hoja ya njaa iliyosababishwa na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Insha ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza na alama zake ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Ya tatu aliiandika nyumbani, bila daftari, huku saa ikiwa mezani, na hiyo ndiyo iliyonipa imani naye.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa katika ukumbi wenye wanafunzi 60. Mwalimu hana uwezo wa kusoma insha zote hizo kwa makini ndani ya wiki, hata awe na moyo kiasi gani. Mimi hukaa na vikundi vya wanafunzi wasiozidi 12, na ninapenda kila kikundi kiwe na wanafunzi wa viwango tofauti, kwa sababu anayemweleza mwenzake hujigundua mwenyewe pale ambapo hajaelewa.

Katika Hisabati tatizo ni muda. Kwa muundo uliozoeleka, karatasi ya kwanza ya Hisabati ya Juu ina maswali 10, yote ya lazima, ya saa 3. Hiyo ina maana ya dakika 18 kwa swali. Mwanafunzi anayetumia dakika 40 kupambana na swali moja la utofautishaji amejinyima swali jingine zima ambalo pengine angeliweza. Huwafundisha wanafunzi wangu kuanza na maswali wanayoyamudu, kuliacha swali linapogoma, na kuandika kila hatua, kwa sababu hatua zina alama zake hata jibu la mwisho likikosewa. Mazoezi yasiyo na saa hayamjengei mtu tabia hiyo. Mwanafunzi anayefanya swali moja kila jioni kwa utulivu, akiangalia mfano pembeni, anajiona anaweza, na kwa kiasi fulani ni kweli anaweza, lakini ukimpa karatasi nzima katika chumba kimya anatetemeka.

Sayansi ina shida yake nyingine, nayo ni mtihani wa vitendo. Fizikia, Kemia na Baiolojia kila moja ina karatasi ya maabara, na shule nyingi za mikoa yetu hazina bureti na pipeti, ile mirija ya kupimia vimiminika, za kumtosha kila mwanafunzi, hivyo wapo wanaoishika bureti mara chache sana kabla ya siku yenyewe. Kemikali halisi hazipaswi kuchezewa nyumbani, lakini mkono na jicho vinaweza kuzoezwa kwa vitu vya sokoni. Chemsha rosela kavu kidogo upate maji mekundu. Kamua ndimu, chuja, pima kiasi fulani cha maji yake katika glasi na utie matone machache ya rosela. Yeyusha magadi katika maji, yavute kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano kutoka duka la dawa, kisha uyadondoshe kidogo kidogo kwenye glasi huku ukiitikisa. Povu litatoka, na itafika mahali ambapo wekundu utatoweka na rangi itaelekea ubuluu au ukijani. Soma ulichotumia kwa kuweka jicho sawa na usawa wa maji, uandike, urudie.

Jaribio la kwanza ni la makadirio tu na haliingizwi katika wastani. Yanayofuata matatu ndiyo ya makini, na yakipishana sana mwanafunzi ajue kwamba alikuwa na haraka. Vipimo vya bomba la sindano si vya usahihi wa bureti, na sidai kwamba zoezi hili linachukua nafasi ya maabara. Hata hivyo, mwanafunzi aliyelifanya mara nyingi huingia maabara akiwa na subira ya tone la mwisho, na jedwali lake huwa safi tangu mwanzo.

Lugha nayo ni mzigo ambao hatuusemi vya kutosha. Watoto wetu wengi wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na nyumbani wanazungumza Kiswahili, Kimakonde, Kimwera au Kiyao, lakini mtihani wa kidato cha sita wanaujibu kwa Kiingereza, isipokuwa masomo machache kama Kiswahili. Matokeo yake ni kukariri aya nzima za vitabu, kwa kuwa mwanafunzi anaogopa kutunga sentensi yake. Katika vikundi vyangu mjadala huruhusiwa kwa Kiswahili mpaka jambo lieleweke kabisa, kisha kila mmoja huandika kwa Kiingereza kwa sentensi fupi za kwake. Sentensi fupi iliyo sahihi hupata alama. Ndefu iliyokaririwa na kukatikia njiani haipati.

Kuna hazina ambayo wanafunzi wachache sana huitumia. Baraza la Mitihani huchapisha katika tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, swali kwa swali, zikieleza waliofaulu walijibu nini, walioshindwa walikosea wapi, na zikiweka sampuli za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mzazi akichapishiwa taarifa za masomo matatu ya mwanawe stesheneri, pamoja na mitihani ya miaka iliyopita, amemnunulia kitu cha thamani kuliko vitini vingi vinavyouzwa mitaani. Na wale wanaouza maswali wakidai ndiyo yatakayotoka, naomba wasipewe hata shilingi. Wanampotezea mtoto wiki za mwisho, na akikutwa na udanganyifu matokeo yake yanafutwa.

Kuhusu fedha, serikali iliondoa ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule zake kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, lakini gharama nyingine zipo, na katika familia za wakulima zinadai kupangwa kwa kufuata msimu. Fedha za korosho huingia kati ya Oktoba na Januari. Mahitaji makubwa ya mtahiniwa huja Machi na Aprili, wakati wa mvua, nyumba ikiwa haina kitu. Nunua kikokotozi, vitabu na taa ya sola wakati wa mnada. Lipa masomo ya ziada ya miezi yote mara moja ikiwa mwalimu ni wa kuaminika. Likizo ya Desemba ndiyo nafasi kubwa ya mwisho, nami ningewasihi wazazi wasimtumie mtahiniwa kuokota korosho kutwa nzima katika wiki hizo. Asaidie asubuhi, mchana aachwe na vitabu vyake.

Mtihani wa utamilifu, yaani wa majaribio kabla ya ule wa taifa, ukifika, msikazanie nafasi aliyoshika darasani. Ombeni karatasi zirudishwe, aketi na mwalimu, na kila swali alilokosa alijibu upya kwa maandishi. Miezi inayobaki hadi Mei ipangwe kwa kufuata makosa hayo.

Jambo la mwisho ni nyaraka, ambazo nimeona zikiwakwamisha watoto waliofaulu vizuri. Anayetarajia mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu anahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na wapo vijana wengi vijijini kwetu wasio na cheti hicho kabisa, au ambao majina yao katika cheti cha kuzaliwa hayalingani na ya shuleni. Shughulikieni hilo akiwa kidato cha tano. Matokeo hutoka kwa kawaida mwezi Julai, na maombi hutumwa moja kwa moja kwa vyuo. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa, hivyo namba ya simu iliyoandikwa katika fomu iwe yake mwenyewe na iwe hewani. Asiyefikisha pointi 4 anaweza kupitia stashahada na baadaye kuomba shahada kwa GPA (wastani wa ufaulu) isiyopungua 3.0, au akaulize kuhusu programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria, ambacho kina vituo Mtwara na Lindi, bila kulazimika kwanza kusafiri hadi Dar es Salaam.