Mpangaji, mafuriko yakikukuta hakikisha kaya yako imeandikwa

Wiki hii msomaji mmoja wa Boko alinitumia ujumbe, nauweka hapa kwa ruhusa yake:

“Dada shikamoo. Maji yametutoa ndani usiku, sasa hivi niko kwenye darasa la shule na wanangu wawili. Mtendaji alipita asubuhi kuandika waathirika, mimi nilikuwa nimewahi kibaruani Kariakoo. Narudi naambiwa orodha imeshapelekwa kata, na nyumba yetu imeandikwa jina la mwenye nyumba tu. Mwenye nyumba anaishi Mbezi, hata tone halijamgusa. Nifanyeje?”

Nilipofika kwenye huo mstari wa mwenye nyumba niliiweka simu chini nikalia, na sioni haya kulisema. Mama yangu yalimkuta hayohayo mwaka 2011. Mimi nilikuwepo, nimemshika mdogo wangu mkono, nikaona kila kitu.

Wakazi wa Dar wa miaka ile hawahitaji kukumbushwa Desemba ya 2011. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema jiji halikuwahi kupata mvua ya namna ile tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Jangwani iligeuka bahari, Barabara ya Morogoro ikakatika, watu wakashushwa kutoka juu ya mapaa ya nyumba zao. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili bondeni, upande wa Kinondoni, kwenye nyumba yenye kaya sita. Mama alikuwa fundi cherehani. Maji yalianza kuingia kwa mlango wa uani, na kabla hatujamaliza kupandisha magodoro juu ya kabati yakawa yameshafika kwenye kitasa. Kijana wa jirani alitupitisha juu ya ukuta mmoja mmoja, wadogo kwanza.

Tukaishia shuleni kama wengine. Nataka niwe mkweli kwa serikali hapa, maana kuna watu wanapenda kusema haikufanya lolote. Ilifanya. Wanafunzi walikuwa likizo, madarasa yakafunguliwa tukapata pa kulala. Msalaba Mwekundu walikuwepo, wauguzi walikuwepo. Januari shule zilipokaribia kufunguliwa, waathirika wakahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, mahema yakapigwa, viwanja vikapimwa. Kwa jiji lililokuwa limezama, hiyo haikuwa kazi ndogo.

Tatizo letu lilianza kwenye karatasi. Alikuja kijana kutoka ofisi moja, sitaitaja, ana bodi ya kuandikia na kalamu sikioni. Kila nyumba anauliza swali moja: “Hii ya nani?” Akitajiwa jina anaandika, anahesabu vichwa kwa macho, anasogea. Kaya sita zikawa mstari mmoja wenye jina la mtu ambaye hakulala pale hata usiku mmoja. Siku ya kugawa mablanketi na unga likaitwa jina hilo, na mwenyewe akatokea. Alikuja na gari, akasaini, akapakia, akaondoka. Mama akaenda mezani kuuliza. Akajibiwa, “Mama, asiyekuwepo na lake halipo.”

Asiyekuwepo! Mama yangu aliyekuwa amesimama pale na kanga ileile aliyotoka nayo kwenye maji, tope limekauka mpaka magotini.

Hakuwa mtu wa kugombana. Maji yalipopungua alirudi kule chumbani akakitoa kichwa cha cherehani kwenye tope, akakikalisha kwenye jua, akakimwagia mafuta ya taa. Gurudumu lilikuwa limekwama. Alilizungusha kwa viganja viwili, robo mzunguko, linagoma, anarudisha nyuma, anaongeza mafuta, na kila likisogea kidogo mchanga mweusi unachuruzika chini kwenye ndoo. Mwisho likazunguka. Lakini kile cherehani hakikushona mstari ulionyooka tena, na mteja wa sare za shule hasubiri. Ukitaka kujua kwa nini mimi niliacha shule mwaka uliofuata nikaanza kuuza vitenge, basi ni hapo.

Miaka ya katikati naipita, haina jipya: kazi, ndoa, watoto, kupanga tena. Ninachojivunia ni hiki. Nilipohamia mtaa ninaoishi sasa, nao uko karibu na mto, nilikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti nikaomba kuingia kwenye kamati ya maafa ya mtaa. Alishangaa. Hakuna anayeomba kazi isiyo na posho. Nikamwambia mimi nataka kushika daftari tu.

Wasomaji wangu wengi hawajui kama kamati hizi zipo. Zipo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, inaweka kamati kuanzia mtaa, kata, wilaya, mkoa hadi taifa. Wilayani anayeongoza ni mkuu wa wilaya, mkoani ni mkuu wa mkoa, na juu kabisa uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu, kwenye Idara ya Menejimenti ya Maafa. Chakula cha msaada kikihitajika, mahindi hutoka kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Magodoro, mahema na ndoo vinatoka kwenye maghala ya maafa na kwa wahisani. Kila ngazi inaiomba ngazi ya juu yake, na kila ombi linapanda na namba. Namba inatoka wapi? Inatoka mtaani, kwa yule mtu mwenye kalamu. Akikosea yeye, waziri naye atakosea, na hatajua kama amekosea.

Ndiyo maana masika ya 2024 niliisikiliza taarifa ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa bungeni, Aprili 25, kwa makini kuliko mpira. Alisema mvua za El Niño zimeathiri zaidi ya kaya 51,000 na watu zaidi ya 200,000 nchi nzima, na waliofariki ni 155. Sikiliza hapo: kaya. Serikali inahesabu kaya. Mahali ambapo kaya zinageuzwa kuwa nyumba ni huku kwetu chini, kwenye uchochoro, kwa sababu aliyetumwa amechoka, analowa, na ni rahisi kuuliza hii nyumba ya nani.

Sisi hatukuuliza hivyo. Mwaka ule mto ulipotoka kwenye kingo zake, tulikuwa tayari na kaunta buku yenye mistari niliyoipiga kwa rula kabla ya Machi: jina la mkuu wa kaya, simu, idadi ya watu, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, wenye ulemavu, na safu ya mwisho, mwenye nyumba au mpangaji. Mlango mmoja mstari mmoja. Chumba kimoja kina mama na wajukuu wanne, mstari wake. Chumba cha pili kina vijana wawili wa bodaboda, mstari wao. Afisa ustawi wa jamii alipofika tulimkabidhi nakala kabla hajaomba. Alifungua, akapitisha kidole ile safu ya mwisho kutoka juu hadi chini, akatuuliza nani ameipanga hivi. Mwenyekiti akaninyooshea mimi. Mama yuko hai, nilimpigia simu jioni ile nikamweleza mpaka vocha ikaisha.

Kwa hiyo wewe mpangaji unayenisoma, na najua ni wengi, maana nusu ya marafiki zangu hapa mjini tunahama kila mkataba ukiisha, nisikilize. Usisubiri mvua. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukaandikwe kwenye daftari la wakazi, wewe na kaya yako, kwa jina lako. Mjue mjumbe wako na yeye akujue kwa sura. Dai mkataba wa pango ulioandikwa, hata wa ukurasa mmoja, na risiti ya kodi. Huo ndio ushahidi kwamba ulikuwa unaishi pale. Mlango ukiwa na kibao cha anwani ya makazi, ipige picha namba yake, na ukipige picha chumba chako na vitu vyake, uzitume kwa ndugu anayeishi mbali na bonde. Simu inaweza kuzama, ila picha aliyonayo shangazi yako wa Morogoro haizami.

Mamlaka ya Hali ya Hewa wana rangi zao: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mimi rangi ya chungwa ikitoka, kitambulisho cha taifa cha NIDA, vyeti vya watoto, kadi za kliniki na mkataba vinaingia kwenye mfuko wa nailoni, unafungwa kwa mpira, unakaa kwenye begi la mgongoni karibu na mlango. Kuna waliodharau Kimbunga Hidaya Mei 2024 kwa sababu Jobo ya Aprili 2021 ilififia njiani. Boti za Zanzibar zimesitishwa, serikali imeshatangaza, wao wanasema watu wa hali ya hewa wanatishia. Hidaya nayo ilipungua nguvu baada ya kuingia Mafia, tukashukuru. Kushukuru hakukuzuii kufunga mfuko. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114, iandike na ukutani. Na majirani, tafadhalini, acheni kutapisha vyoo mvua ikinyesha. Kipindupindu kilichoanza Dar Agosti 2015 tulikiona.

Sasa kuna kitu kinaniumiza zaidi ya yote. Wapo wanaojificha wasiandikwe. Wanaona mtu na daftari bondeni wanakumbuka bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015, alama nyekundu ukutani, tingatinga asubuhi. Hofu hiyo naielewa, niliwaona watu wamekaa juu ya makochi yao barabarani. Lakini mpangaji, nyumba si yako, unaficha nini? Na mwenye nyumba, daftari la maafa haliuambii mji jambo ambalo haulijui. Bonde la Msimbazi limepimwa, lina mradi wake wa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wamelipwa fidia na wamehama. Yale ni mambo mengine yenye ofisi nyingine. Daftari la maafa ni la unga, blanketi, dawa ya maji na pa kulala. Asikudanganye mtu kwamba ukiandikwa utalipwa nyumba, na asikudanganye mwingine kwamba ukiandikwa utabomolewa. Wote wawili nimewasikia kwa masikio yangu, kwenye kibanda kimoja cha chai.

Kwa ndugu yangu wa Boko, nilimjibu hivi. Orodha kufika kata si mwisho wa habari, huwa kuna orodha ya nyongeza. Rudi kwa mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wako, akuandikie barua kwamba unaishi nyumba ile kama mpangaji na kaya yako ni ya watu watatu. Nenda na hiyo barua kwa mtendaji wa kata, uombe uandikwe kwenye nyongeza mbele ya macho yako, kwa mstari wako, na usome ulichoandikiwa. Ukikwama hapo, afisa ustawi wa jamii wa kata. Ukikwama tena, ofisi ya mkuu wa wilaya, maana yeye ndiye anayeongoza kamati ya wilaya na ana haki ya kuuliza. Usiende kugombana, ila usirudi nyumbani bila kujibiwa. Omba ruhusa kazini siku moja. Bosi akikukatalia mtume mtu mzima unayemwamini. Na wapangaji wenzako wa nyumba ileile muende pamoja, maana mpangaji mmoja akilalamika ataitwa msumbufu, lakini kaya sita zikisimama mlangoni zitasikilizwa.

Mama yangu angekuwa na watu watano nyuma yake siku ile, yule mtu wa mezani asingemjibu vile.

Wenyeviti na wajumbe wa mitaa, najua mnanisoma, kuna wawili watatu huwa mnanipigia. Vuli inaanza Oktoba. Kaunta buku haigharimu hela ya kuombea bajeti. Pigeni mistari sasa hivi, wekeni ile safu ya mpangaji, piteni mlango kwa mlango jioni watu wakiwa wamerudi makazini. Msipite asubuhi, mtakuta watoto tu. Kila miezi michache rudieni, kwa sababu wapangaji tunahama. Andikeni nakala mbili. Moja ikae ofisini, ya pili ikae kwa mjumbe anayeishi juu mlimani, kwa sababu ofisi nyingi za mitaa ninazozijua mimi nazo ziko bondeni.