Barua kwa mwanangu: kodi unalipa mpaka darini

Mwanangu Rukia,

Assalaam alaykum. Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa na mamako. Umeuliza mambo mawili. La kwanza, nikuundie kabati moja kubwa la kujaa ukuta wa chumbani. La pili, je, ni vibaya kumrudishia mavyaako lile kabati la vioo alilokupa siku ya harusi, maana tangu azaliwe mtoto wa pili nyumba haina pa kukanyaga? Nakujibu kwa mkono na Hamisi atakuletea. Kwenye simu husema la mwanzo na la mwisho, la katikati likanipotea.

Kabati kubwa sikuundii. Ukuta unaoutaka ndio unaopigwa na mvua za kusi. Ukiuziba kwa ubao kutoka sakafuni mpaka juu hautapata pumzi, na ikifika Juni utafungua mlango ukutane na ukungu kwenye kanga zako na harufu isiyotoka hata kwa udi. Tena milango ya bawaba inataka futi 2 za sakafu ili ifunguke, na kitanda chenu kimeshakula nusu ya chumba. Usinunue pia yale ya dukani ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi. Hewa yetu ya chumvi na unyevu huyafura pembeni, skrubu zikalegea, na mwaka wa pili mlango unaning'inia. Nimeitwa kuyarekebisha mengi na hayarekebishiki.

Nimekwambia tangu uko mdogo, na narudia: kodi unalipa mpaka darini. Nyinyi mnaishi kwenye futi 3 za chini, huko juu mmewaachia mijusi. Simama mlangoni pa jiko lako utazame juu. Kutoka kichwa cha mlango hadi dari pana zaidi ya futi 2, na hapana kitu. Rafu ya upana wa inchi 14, kutoka ukuta hadi ukuta, itabeba masinia, sufuria za sikukuu, lile deste kubwa la biriani na masanduku ya safari. Vitu vya mara mbili kwa mwaka havina haki ya kukaa chini. Hivyo hivyo juu ya mlango wa chumbani na kwenye kile kiukumbi cha kuingilia choo.

Lakini mumeo asizipigilie mwenyewe. Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe. Niliujua siku nilipowatundikia pazia, vumbi jeupe likamwagika na skrubu ikazunguka bila kushika. Ukuta kama huo huutwiki mzigo. Unasimamisha miimo miwili ya mbao kutoka sakafuni, rafu ikakalia miimo, na ukuta kazi yake ikawa kuizuia isiyumbe tu. Skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Mitungi ya maji iache chini. Najua inakuudhi, mitungi 8 ya lita 20 imejipanga sebuleni kama wageni, na kwa mfereji unaotoka siku mbili kwa wiki huwezi kuipunguza. Lakini mmoja uliojaa ni kilo 20, na una mtoto anayevuta kila kitu. Nitakuundia benchi refu la chini ya dirisha, mitungi ndani, watu juu. Mtungi wa gesi usiufungie kabatini hata siku moja. Gesi ikivuja hushuka chini na kujikusanya, kwa hiyo ukae penye hewa.

Kitanda nacho nitakiinua. Samadari za zamani zilikuwa juu hivi kwamba wengine walipandia kigoda, na mvungu wake ulikuwa stoo nzima. Wazee wetu hawakuwa na vyumba vipana hata walipokuwa matajiri. Upana wa chumba ulikatwa na boriti ya mkoko, na boriti ya mkoko haivuki futi 9 au 10 bila kupinda chini ya dari ya mawe. Basi wakajenga vyembamba na virefu, na kuta zao nene wakazitoboa zidaka, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo na misahafu. Hata nyumba yetu ya Majengo, ya miti na udongo, ilikuwa na dari juu ya vyumba ambapo nyanyako aliweka nazi, majamvi na kuni za masika. Hukumbuki. Ulikuwa na miaka minne tulipoitoka.

Na hapo ndipo nilipokuwa nikienda tangu nilipoanza barua hii.

Ilikuwa 1997, miezi michache kabla ya mvua za El Nino. Nyumba ilikuwa yetu, kiwanja si chetu, na mwenye kiwanja alikitaka. Nikapata vyumba viwili Kibokoni, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba yenye kona kali katikati. Siku ya kuhama mkokoteni ulikwenda mara tano, na mara ya tano ulileta sanduku la nyanyako.

Wewe humjui nyanyako ila akiwa mkeka wake umekunjwa pembeni na tasbihi mkononi, lakini sanduku lile lilikuwa yeye. La msaji, limepigwa njumu za shaba mbele yote, droo tatu chini, na ndani upande wa kushoto kijisanduku cha udi na hati. Masanduku ya namna ile yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Surat na Bombay. Yeye lilimjia kwa mamake. Ukiinua kifuniko, karafuu ilikufikia puani kabla hujaona nguo.

Mahamali wawili walilifikisha kwenye kona ya ngazi, likakwama. Wakalisimamisha, wakalilaza, wakalisukuma. Njumu mbili ziling'oka zikabingirika ngazi hadi ngazi mpaka mlango wa chini, na mlio wake ninao mpaka leo. Mwenye nyumba alikuwa anapiga kelele juu ya chokaa yake. Ilikuwa adhuhuri, mamako ana mimba ya Hamisi na hajala. Na mimi fundi, mtu ninayelipwa kwa kupima, futi iko mfukoni na sikuitoa. Nje alikuwa amesimama mnunuzi wa vitu vya kale, wale wanaowauzia watalii. Akataja shilingi 6,000. Nikamwambia Mama, "Ni sanduku tu, Mama."

Alitoa kanga zake doti moja moja, akazilaza juu ya shuka, akafunga fundo. Hakusema kitu.

Haikupita miezi miwili, mpangaji wa juu yetu akaleta friji, kubwa, refu kuliko mimi. Mahamali wake hata ngazi hawakuitazama. Walifunga kapi kwenye boriti ya paa, wakapitisha kamba, wakaitweka ile friji mbele ya nyumba kama wanatweka tanga, ikaingia kwa roshani. Nusu saa haikutimia. Mimi na Mama tulikuwa barazani na vikombe vya kahawa. Aliiangalia mpaka miguu yake ikapotea ndani, akasema, "Kumbe hupita."

Basi. Akamaliza kahawa yake. Aliishi miaka 11 baada ya siku ile na hakulitaja tena, wala mimi sikuwa na ulimi wa kulitaja.

Rukia, katika sauti yako umesema, "Ni kabati tu, Baba." Ndiyo maana niliirudia mara tatu.

Nimebishana na nafsi yangu miaka mingi. Najiambia: tungeliweka wapi? Chumba cha futi 9, watu wanne, wa tano njiani. Kisha nakumbuka kwamba mwaka uliofuata niliunda kabati la nguo la mamako, na kabati lile lilikaa pale pale chini ya dirisha ambapo sanduku lingekaa, inchi kwa inchi, na kazi yake ilikuwa kuhifadhi kanga. Nafasi ilikuwepo. Niliyoikosa ni saa moja ya kutulia.

Hata hivyo sitaki nikutie mzigo ambao si wako. Mtoto anataka pa kutambaa. Mamako anasema nyumba iliyojaa vitu humchosha mwanamke kabla hajashika ufagio, na yeye kaishi kwenye vyumba viwili vile na watoto watatu, kwa hiyo anajua anachokisema. Kama kitu hakitumiki na hakipendwi, kitolewe, nami nitakusaidia kukishusha. Viatu vya mumeo visivyo na wenzake, yale makopo ya rangi, kile kiti cha gari cha mtoto na gari hamna, hivyo vianze leo. Nguo za mtoto zilizomkaza wapelekee wenye watoto wadogo kuliko wako. Ukishavitoa hivyo ndipo utajua nyumba yako ina ukubwa gani. Kwa sasa hujui.

Kuhusu kabati la mavyaako nimemuahidi mamako kwamba sitatoa hukumu. Ni nyumba yenu, na mavyaa ni wako si wangu. Nilikuwa nimeandika mistari minne hapa, nimeikata. Nitakwambia la kifundi peke yake: kabati lile nililikagua siku ya harusi. Si kipande kimoja. Cha juu chenye vioo kimekalia cha chini kwa vigingi vinne, ukikiinua kwa watu wawili kinatoka. Cha chini ni sanduku zuri la nguo za watoto, na kinaingia chini ya dirisha la chumbani bila kugusa ukuta wa mvua, ukiacha vidole vinne vya hewa nyuma. Cha juu kina kimo cha inchi 40 kama sikosei, na kinaweza kusimama juu ya lile benchi la mitungi, mwisho kabisa kwenye kona. Huenda pia kisitoshe. Ndiyo nataka vipimo.

Nipimie haya, uyaandike kwenye karatasi umpe Hamisi: kichwa cha mlango wa jiko hadi dari, upana wa ukuta chini ya madirisha yote mawili, kimo na kina cha kabati la vioo, kipande cha juu na cha chini mbalimbali. Pima na roshani, kutoka ukingo wa chuma hadi juu, na upana wake.

Mamako anakuletea mahamri na mbaazi kwenye kile chombo cha bluu, anataka chombo chake kirudi. Mimi nitakuja Jumamosi baada ya alasiri na drili na pima maji. Mavyaako usimpigie simu kabla sijafika.

Wasalaam,
Babako